Mahali Anapofanya Kazi Imelda

Jumatatu, 2 Juni

Mitihani ya nusu mwaka inaisha Alhamisi. Nimesahihisha Sayansi ya darasa la sita mpaka macho yanawasha. Karibu nusu yao wameandika kwamba jua ndilo linalozunguka dunia. Nimewafundisha mwenyewe. Nimeudhika.

Upepo wa ziwa haujatulia tangu asubuhi. Mchanga umeingia hadi kwenye sufuria. Nimepika ugali wa muhogo na usipa, dagaa wa ziwani, nimekula peke yangu, chakula kimebaki. Tangu mume wangu, Baba Imelda, afariki sijajifunza kupika kidogo. Kuku wa jirani wananenepa kwa chakula changu.

Padre alipita shuleni wakati wa mapumziko. Anataka kigango chetu, kanisa hili dogo la Lundo, kifanye ibada ya kuombea amani tarehe sita Agosti, siku lilipoangushwa bomu la atomiki Hiroshima. Mimi ni katibu wa kamati ya haki na amani, kwa hiyo nitasema mimi. "Dakika chache tu, Mwalimu. Watu waelewe kwa nini hayo mabomu ya nyuklia yanatakiwa yaondolewe duniani." Nikakubali haraka. Napenda kuombwa kitu.

Binti yangu Imelda hakupiga simu jana. Kazi zimembana hotelini, nadhani.

Jumapili, 8 Juni

Pentekoste. Kanisa lilijaa hadi nje. Matoleo mengi, nyimbo nzuri.

Baada ya misa Mama Salome alinifuata hadi nyumbani. Ni mchuuzi wa usipa, anapeleka Mbinga. Watu wengine wa hapa wakibisha mlango wangu ni kwa shida ya mtoto shuleni. Yeye anakuja kukaa tu. Nilihamia hapa miaka mingi iliyopita kutoka Namswea, huko juu kwenye kahawa, na bado wananiita Mmatengo. Yeye ananiita jirani.

Leo alikuwa na neno. Binti yake Salome alimaliza kidato cha nne mwaka juzi, yuko nyumbani, hana la kufanya. Anataka kumfuata Imelda. Walisoma darasa moja. Imelda aliona tangazo mtandaoni mwaka jana: kazi ya hoteli pamoja na masomo, nchi ya mbali, nauli ya ndege wanalipa wao. Jumuiya nzima ilimsindikiza stendi ya Mbinga kwa nyimbo. Tangu siku hiyo watu wananiita Mama Ulaya.

"Mwambie Imelda amfungulie mwenzake njia," akasema.

Nikamwambia nitamwambia. Nilifurahi. Nilijiona mtu mwenye kitu cha kugawa.

Jumatano, 11 Juni

Nimemwandikia Imelda habari za Salome. Tiki mbili za bluu, ameusoma. Hajajibu.

Nimefunga nyumba. Likizo. Kesho nakwenda Namswea kuchuma kahawa.

Jumamosi, 14 Juni. Namswea

Ukungu. Vidole vimekufa ganzi kwa kuchuma kahawa yenye umande. Shemeji Otmar, mdogo wa marehemu mume wangu, anatunza shamba vizuri. Wachumaji wanaimba, mimi siimbi. Mikono tu.

Mchana nilipanda kilimani penye mtandao. Imelda akapiga, kwa video. Nilimwona mikono kwanza, maana alikuwa amejifunika nayo mdomo. Ina madoa. Ngozi inabanduka kama ya mtu aliyeungua.

"Mama, Salome asije."

"Kwa nini? Nafasi hakuna?"

"Nafasi zipo. Asije."

Nikamuuliza kama amegombana na mwenzake. Akaanza kulia. Sijamwona akilia tangu mazishi ya baba yake.

"Hoteli hakuna, Mama. Tangu nifike sijaingia hotelini. Ni kiwanda."

"Kiwanda cha nini?"

Aligeuka kuangalia nyuma yake. "Ndege ndogo. Zile za bila rubani. Napaka gundi na rangi."

Nikasema, kama mjinga, "Za kupigia picha harusi?"

"Hapana, Mama."

Akakata. Nilikaa juu ya jiwe hadi ukungu ukanifikia. Nimeshuka nikamwambia Otmar mtandao ulikuwa mbaya.

Jumapili, 15 Juni

Sikwenda misani. Nimesema tumbo.

Nimepanda tena kilimani. Nimetafuta hizo ndege kwenye simu. Zina mabawa ya pembetatu. Mlio wake ni kama pikipiki inayopanda mlima. Nimeona moja ikiingia kwenye jengo la ghorofa ambalo watu wanaishi. Ukuta ukaanguka, chumba cha mtu kikabaki wazi. Pazia la maua. Beseni la kufulia.

Labda hiyo aliipaka rangi mwingine. Nimejiambia hivyo siku nzima. Haisaidii.

Jumatatu, 23 Juni

Otmar analalamikia mbolea. Imepanda tena. Kwenye duka la pembejeo wamemwambia ni kwa sababu ya vita vya huko nje, meli hazipiti, gesi imekuwa ghali. Akanigeukia. "Shemeji, wewe umesoma. Wanapigana wao huko, sisi wakulima wa mashimo ya ngoro na kahawa tumewakosea nini?"

Nilikuwa nimeshika ndoo. Nilikwenda kuanika kahawa kwenye vichanja na kuwafukuza kuku ambao hawakuwepo.

Jumamosi, 28 Juni

Nikiwa kilimani, simu ya namba nisiyoijua. Ni Imelda, ameazima simu ya rafiki yake, msichana kutoka nchi nyingine ya Afrika. Alikuwa amejifungia chooni. Sauti ndogo kabisa. Sasa najua yote, au yale aliyoweza kusema kabla mtu hajagonga.

Walipofika walichukuliwa hati za kusafiria. Ni wasichana wengi, wa nchi nyingi za Afrika, wote wadogo. Masomo ni lugha tu, jioni, wakiwa wamechoka. Kutwa ni kemikali. Glavu hazitoshi. Ukitaka kuondoka unaambiwa mkataba. Nchi ile nyingine, inayopigwa na hizo ndege, imeanza kupiga kiwanda. Ndege moja ya adui iliangukia bweni la wafanyakazi. Wasichana waliumia.

"Wanasema tunastahili kupigwa, Mama. Kwa sababu ya kazi tunayofanya."

"Nani anasema?"

"Wote. Hata mimi nasema."

Akaniomba nisimwambie mtu. Simu zao zinakaguliwa. Kuna mwenzao aliyezungumza na watu wa habari, aliitwa ofisini, hajarudi kwenye mashine yake. "Niahidi, Mama." Nikaahidi. Halafu akasema: "Lakini Salome asije."

Mambo mawili hayo hayawezekani pamoja. Nadhani naye anajua. Ameyaacha mikononi mwangu.

Jina la nchi siandiki hata humu.

Jumanne, 8 Julai. Lundo

Shule imefunguliwa. Madawati yana vumbi na kinyesi cha popo. Tumefagia.

Mama Salome alikuja jioni na Salome, wamevaa kama wa sikukuu. Hakunisubiri mimi wala Imelda. Salome amejaza maombi mwenyewe kwenye simu, amehojiwa kwa video, amekubaliwa. Ataondoka baada ya sikukuu ya Nanenane, mwezi ujao. Mama yake ameuza mashine ya boti ya marehemu mumewe, ile aliyokuwa anaikodisha, ili binti apate hati ya kusafiria na safari za Dar es Salaam.

Salome alipiga magoti. "Shikamoo, Mwalimu. Nimekuja uniombee."

Nilimwekea mkono kichwani. Nikasema Mungu akutangulie.

Nimeandika hivyo hivyo kama nilivyofanya. Nilimwekea mkono kichwani.

Ijumaa, 11 Julai

Nimejaribu. Nimemwambia Mama Salome kwamba huko baridi ni kali mno, watoto wanaugua vifua. Akacheka. "Baridi? Imelda wako si wa Umatengo? Atamfundisha kuvaa masweta."

Nilicheka pia. Nimejichukia njia nzima.

Jumapili, 20 Julai

Padre ametangaza kwamba marafiki wa ng'ambo waliokuwa wanatusaidia dawa za zahanati wamepunguza. Serikali yao imeelekeza fedha kwenye ulinzi. Akinamama walitazamana. Hakuna aliyeuliza ulinzi dhidi ya nani.

Nimesoma kwa ajili ya tarehe sita. Sikutegemea kusoma nilichosoma. Asubuhi ile Hiroshima watoto wengi wa shule walikuwa nje, katikati ya mji. Wa umri wa darasa la saba, kidato cha kwanza. Walitolewa madarasani kufanya kazi za vita, kubomoa nyumba ili moto ukija usisambae. Bomu likawakuta na zana mikononi. Wasichana kwa wavulana. Wengine walibaki majina tu.

Nimefunga simu. Nimefikiria watoto wangu wa darasa la saba, wanavyopiga makelele wakipewa majembe ya bustani.

Na urani, madini yanayotengenezewa mabomu hayo, iko mkoani kwetu hapa, chini ya ardhi ya Namtumbo. Nimekuwa nikilifundisha hilo miaka yote kwenye somo la rasilimali. Rasilimali za mkoa wa Ruvuma: makaa ya mawe, kahawa, samaki, urani. Watoto wanakariri kwa kuimba.

Nimeandika hotuba. Ni nzuri. Haina neno hata moja ninalolijua kweli.

Jumamosi, 26 Julai. Mbinga

Nimepanda gari la asubuhi kwenda Mbinga kumwona Padre, yuko kwenye mkutano wa mapadre. Mji umejaa magari ya kahawa. Kila mtu ana haraka na ana mtu wa kusalimiana naye. Nimekunywa chai hotelini nikisikiliza meza za wengine.

Tulikaa kwenye benchi nyuma ya kanisa. Nikamwambia yote. Yeye ni wa kwanza.

"Padre, nikisema nimemwangamiza wangu. Nisiposema nimemwangamiza wa mwenzangu."

Padre ni kijana, ametoka seminari juzi tu. Akasema, "Mwalimu, sijui."

"Niamrishe basi."

"Nikikuamrisha, nitakuwa nakudanganya kwamba najua."

Nilimkasirikia. Nilisafiri njia yote ile niamriwe. Alinisindikiza stendi, akanibebea mfuko, akasimama hadi gari likaondoka. Kwenye mteremko wa kuja ziwani, pale maji yanapoonekana mara ya kwanza, abiria wote walinyamaza kama kawaida. Nikajua nitasema. Sikujisikia mwema.

Jumatano, 30 Julai

Nimemwambia.

Nilimkuta Mama Salome ufukweni anageuza usipa kwenye kichanja. Nilimvuta pembeni. Nilisema kwa kifupi, maana nilijua nikirefusha nitaishiwa nguvu. Imelda hayuko hotelini. Anatengeneza silaha za vita. Salome asiende.

Hakuelewa kwanza. Kisha akaelewa vibaya.

"Nani kakwambia?"

"Imelda mwenyewe."

"Imelda huyu anayemtumia Salome picha?" Akatoa simu ya Salome kwenye kanga. Kweli. Ukumbi wenye taa za vioo, Imelda amesimama mbele ya maua makubwa, anatabasamu. Amevaa shati jeupe. "Hiki ndicho kiwanda?"

Sikuijua picha ile.

"Jirani," akasema, na alisema taratibu, "wako amefika, wangu asifike. Sema tu. Sema unataka uwe Mama Ulaya peke yako."

"Mama Salome, kwa jina la Mungu."

"Mungu usimtaje. Mkono uliuweka kichwani mwa mwanangu, mbele yangu. Siku ile ulikuwa unajua?"

Nikasema nilikuwa najua.

Alirudi kwenye usipa wake. Hakunitazama tena.

Ijumaa, 1 Agosti

Habari zimeenea. Dukani wananipa nilichoomba na chenji, basi. Kwenye ofisi ya walimu mazungumzo yanakatika nikiingia. Mwalimu wa Hisabati, ambaye ni muungwana, alinieleza: wanasema nina wivu, nimebana njia. Wengine wanasema Imelda hafanyi kazi ya hoteli kweli, anafanya ile nyingine, ndiyo maana nataka kuficha.

Nimemwandikia Imelda, ujumbe haujamfikia. Tiki moja.

Jumapili, 3 Agosti

Nilikaa benchi la nyuma. Wakati wa kupeana amani, mwanamke wa mbele yangu aligeukia upande mwingine. Nilibaki na mkono hewani. Nikaushusha.

Tiki moja.

Jumatano, 6 Agosti

Ibada ilikuwa saa kumi jioni. Nilidhani hawatakuja. Walikuja wengi kuliko Dominika. Najua walichofuata.

Leo pia ni sikukuu ya Bwana Kugeuka Sura. Padre alihubiri juu ya nuru ya mlimani, kisha juu ya nuru ile nyingine ya Hiroshima iliyochoma vivuli vya watu ukutani. Alihubiri vizuri. Halafu akaniita.

Nilisoma hotuba yangu. Mataifa machache yana mabomu ya kumaliza dunia nzima. Mengine yamesaini mkataba wa kuyakataza, wenye nayo wamekataa. Niliwasikia watu wakipiga miayo. Mzee mmoja wa kanisa akanyoosha mkono, si kwa ubaya.

"Mwalimu, hapa Lundo bomu analo nani? Sisi tuliondoe vipi tusilokuwa nalo?"

Watu wakacheka. Nami ningecheka.

Nikaikunja karatasi. Nilimwona Mama Salome karibu na mlango, mikono amefunga kifuani. Salome alikuwa kwenye kwaya, mstari wa mbele, sare ya bluu. Nikamtazama yeye.

Nikasema: "Binti yangu Imelda anatengeneza silaha. Wengi mnamjua, ameimba kwaya hii hii. Hakwenda kwa ajili hiyo. Alidanganywa kwamba ni hoteli. Sasa anapaka rangi ndege zinazokwenda kuua watu wasiomjua, nyumbani mwao. Wenye vita wameishiwa mikono, wanatafuta mikono ya watoto wetu. Mzee wangu umeuliza sisi tuna nini. Tuna watoto."

Upepo tu na mabati.

"Mimi nilikuwa najua, na nilinyamaza, kwa sababu nimemwahidi na kwa sababu naogopa. Naogopa hata sasa. Mkitaka kunichukia nichukieni. Salome, mwanangu, usiende."

Sikumbuki nilivyorudi kwenye benchi. Padre alianzisha Baba Yetu, watu wakaitikia nusu nusu. Nje hakuna aliyenisemesha. Mzee yule wa kanisa alinishika mkono, akaushika kwa mikono yake miwili, akaondoka bila neno.

Nimevunja ahadi yangu kwa mtoto wangu mbele ya kijiji kizima. Nimekaa jikoni na taa. Sina wa kumwambia.

Alhamisi, 7 Agosti

Salome alikuja shuleni vipindi vilipokwisha. Alisimama mlangoni mwa darasa kama mwanafunzi aliyechelewa. Nikamwambia akae. Alikaa kwenye dawati, magoti yanagonga juu.

"Mwalimu, Imelda alinitumia picha."

"Nimeiona."

"Aliniandikia, mwenzangu huku raha. Kwa nini alinidanganya?"

Nilikuwa nimelifikiria hilo tangu siku ya kichanja. "Aliona aibu, nadhani. Tulimsindikiza kwa nyimbo. Angeandika nini?"

Akawa anakwaruza dawati kwa kucha. "Mama ameuza mashine."

"Najua."

"Nikibaki nitafanya nini hapa?"

Nikatamani kumdanganya. Ningeweza kusema chuo, ningeweza kusema Mungu atafungua mlango. "Sijui, mwanangu," nikasema. "Ila utakuwa hapa."

Hakulia. Aliuliza mikono ya Imelda ikoje. Nikamweleza yote niliyoyaona, madoa na ngozi. Alisikiliza huku anaitazama mikono yake mwenyewe. Akaondoka, akasahau kunipigia magoti kwa heshima, kisha akarudi kutoka getini kufanya hivyo. Hapo ndipo nilipolia mimi.

Jumatatu, 11 Agosti

Gari la Mbinga limepita. Salome hakupanda.

Nimejuaje? Mama yake amekuja hadi uwanja wa shule, watoto wakiwa mstarini. "Umefurahi? Mashine imekwenda, safari imekwenda, mtoto amejifungia ndani. Umefurahi, Mwalimu?" Hakuniita jirani. Mwalimu wa Hisabati akamsogeza taratibu.

Niliendelea na gwaride. Wimbo wa Taifa. Kucha, usafi, matangazo.

Jumapili, 24 Agosti

Tiki moja bado. Ile namba ya rafiki yake haipatikani.

Asubuhi redio imesema ile nchi aliko Imelda imepigwa na ndege zisizo na rubani, zimelenga kiwanda cha silaha. Hawakusema kiwanda gani. Wakapita haraka kwenye mpira.

Sikusali. Nilikaa kanisani tu.

Ijumaa, 29 Agosti. Mbinga

Nimekwenda ofisi ya serikali. Kijana aliyenipokea ni wa Tanga, alikuwa na msahafu mezani na sweta mbili mwilini, baridi ya Mbinga inamtesa. Alinisikiliza hadi mwisho. Hakunikatiza, hakuniambia mtoto alikwenda kwa hiari yake. Ameandika maelezo, akasema yatapelekwa juu, Dodoma, kisha ubalozini.

"Itachukua muda, mama yangu."

"Muda gani?"

"Sitaki kukudanganya."

Alinipa chai kutoka kwenye chupa yake. Akaniuliza kama ziwani kuna joto. Nikamwambia kuna joto. Akasema atakuja siku moja. Hana mtu huku, nadhani. Tulikuwa watu wawili wasio na mtu, tunakunywa chai.

Jumamosi, 6 Septemba

Nimefua mashuka ya Imelda, ingawa hayajalaliwa. Nimeyaanika, nimeyakunja, nimeyarudisha. Namkasirikia. Namkasirikia aliyetunga tangazo lile. Wenye kiwanda. Wale wakubwa wanaokaa kwenye mikutano na kalamu zao. Hasira inakuja, inakuta nyumba tupu, inaondoka.

Mama Salome amepita njiani na ungo. Nilisema habari za asubuhi. Akasema nzuri. Hakusimama. Lakini amesema.

Jumapili, 14 Septemba

Upepo umetulia leo. Ziwa limelala, unaona hadi milima ya Malawi.

Nilikuwa napepeta mchele uani baada ya misa. Simu ikalia. Namba ngeni. Ujumbe, hauna jina wala salamu.

Salome amefika?

Nilijua ni nani. Niliketi chini palepale na ungo. Nilitaka kuuliza uko wapi, umeumia, unakula nini, nilitaka kuomba msamaha. Nikafuta yote niliyoyaandika, maana sikujua ana simu hiyo kwa muda gani, wala nani mwingine anaisoma.

Nikaandika: Yuko nyumbani. Asubuhi nimemwona ufukweni, anaanika usipa na mama yake.

Nikasubiri. Tiki mbili. Zikageuka bluu.

Hakuandika tena. Nimemaliza kupepeta mchele. Nimepika.